Kigari cha familia bila kula mtaji wa biashara

Kwa mfanyabiashara mdogo wa mpakani, gari la kwanza huja na mambo mawili kwa pamoja. Litapeleka watoto shule na mgonjwa hospitali, na pia litabeba vitenge, viatu, mchele, vipodozi au nyanya kutoka stendi hadi kibandani. Ndiyo maana Namanga, Busia, Mutukula, Sirari na Holili, magari yanayoonekana zaidi nje ya maduka ni yale madogo yenye milango minne ya abiria na mlango wa tano nyuma unaofunguka kwenda juu: Vitz, IST, Demio, Fit, Note, Passo. Viti vya nyuma vikilazwa, kigari cha familia kinageuka stoo ndogo.

Tatizo ni kwamba fedha za kulinunua mara nyingi hutoka katika sanduku lile lile linalonunua bidhaa. Gari likichaguliwa vibaya, halimpotezei mwenye nalo starehe peke yake, linamla mtaji. Na kwa anayeishi karibu na mpaka kuna mtego mwingine ambao mtu wa mjini kati haufikirii sana: gari lile lile lina bei moja upande huu na bei nyingine upande ule, na tofauti hiyo huvutia.

Hesabu kabla ya gari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kwenda yadi, mnunuzi aandike namba tatu: fedha za kununua, fedha za kuliweka barabarani, na fedha za kuliendesha kila mwezi.

Bei ya ubaoni ni namba ya kwanza tu. Ya pili inajumuisha kubadili umiliki, bima, matairi kama yaliyopo yamechakaa, betri, na huduma ya kwanza, yaani oili ya injini, oili ya gia boksi, plagi, filta na breki. Gari la mtumba halinunuliwi likiwa tayari kwa safari, hata muuzaji aseme nini. Utaratibu unaowafaa wengi ni kutenga sehemu moja kati ya tano ya fedha yote kwa ajili ya kazi hiyo. Mwenye milioni 10 atafute gari la milioni 8, wala asitafute la milioni 10 akitarajia kukopa fedha za matairi.

Namba ya tatu ndiyo inayosahaulika. Chukua mfano wa mama anayetembea kilomita 1,500 kwa mwezi kati ya nyumbani, soko na mpakani. Gari linalokwenda kilomita 16 kwa lita litamla karibu lita 94. Linalokwenda kilomita 11 kwa lita litamla lita 136. Tofauti ni zaidi ya lita 40 kila mwezi, na kwa mwaka hufika takriban lita 510. Azidishe kwa bei ya mafuta ya kituo chake, aone ni marobota mangapi ya mitumba yameungua kwenye tangi. Wakati mwingine gari la bei ya juu kidogo lenye injini ndogo ndilo la bei nafuu.

Tahadhari: kiwango cha mafuta kinachoandikwa kwenye matangazo ya magari ya Japani hupimwa katika mazingira ya majaribio. Kwenye foleni, vumbi na mzigo, mtu asitegemee kukifikia.

Gari moja, sheria tofauti

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina umoja wa forodha na sheria moja ya usimamizi wa forodha ya mwaka 2004, lakini magari yaliyotumika bado yanapokelewa kwa namna tofauti katika kila nchi.

Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kila Januari mosi, mwaka mmoja wa magari hufungiwa mlango. Ndiyo maana IST ya kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, haiwezi kuingia Kenya leo, ilhali Tanzania bado ni mojawapo ya magari yanayopendwa kuliko mengine. Mkenya anayenunua gari lililokwisha kusajiliwa nchini kwake hahusiki na ukomo huo. Unamhusu anayeagiza kutoka nje.

Tanzania haifungi mlango kwa umri, bali hutoza. Kwa viwango vilivyozoeleka, gari hulipiwa ushuru wa forodha asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18. Injini isiyozidi sisi 1,000 haina ushuru wa bidhaa, na ile ya kuanzia 1,001 hadi 2,000 hulipa asilimia 5. Juu ya hapo kuna ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10. Kwa gari kuukuu lenye injini ya sisi 1,300, kodi zote zikijumlishwa hukaribia thamani ya gari lenyewe lilipofika bandarini.

Uganda ilizuia mwaka 2018 uingizaji wa magari yaliyozidi miaka 15, na magari yenye umri mkubwa yanayoruhusiwa hutozwa tozo ya mazingira. Rwanda kikwazo chake ni upande wa usukani: magari madogo ya usukani wa kulia hayaruhusiwi kuingizwa kwa usajili, kwa kuwa huko huendeshwa kulia mwa barabara. Burundi nako huendeshwa kulia, lakini magari mengi ya usukani wa kulia yako barabarani.

Jambo jingine la kujua ni kwamba forodha haikadirii kodi kwa bei iliyolipwa mnadani peke yake. Mamlaka za mapato za Kenya, Tanzania na Uganda zina orodha au vikokotoo vya thamani ya magari kwa aina, mwaka na ukubwa wa injini. Anayejisifu kwamba amelipata gari kwa nusu bei huko Japani huenda akakuta kodi inahesabiwa kwa thamani kamili ya orodha. Kikokotoo kiangaliwe kabla ya kutuma fedha. Na kiangaliwe tena baada ya bajeti za Juni, kwa sababu viwango vipya huanza Julai mosi. Waagizaji wa Kenya wanakumbuka Julai 2023, ushuru wa forodha wa magari ulipopanda kutoka asilimia 25 hadi 35.

Bei ya jirani si bei yako

Hapa ndipo wengi wa mpakani hunaswa. Mtu wa Namanga upande wa Kenya anaona IST upande wa Tanzania kwa bei inayomfaa. Anajiambia: sote ni Afrika Mashariki, na kodi ya gari hili imekwisha kulipwa. Anavuka nalo.

Uhuru wa bidhaa ndani ya Jumuiya ni wa bidhaa zenye asili ya Jumuiya. Mahindi ya Kibaigwa na maharage ya Mbale yanaweza kupata hati ya asili, na mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani hutumia ile hati rahisi inayotolewa mpakani. Gari lililotengenezwa Japani halina asili ya Jumuiya hata kama limeishi Arusha miaka kumi. Likihamishiwa Kenya kwa usajili, linahesabiwa kama gari linaloingia kutoka nje: litakutana na kodi za Kenya na ukomo wa umri wa Kenya. Kodi iliyolipwa Tanzania haiendi nalo.

Linaweza kuvuka kwa kibali cha muda, kwa jina la mwenyewe, na kurudi kabla ya siku kuisha. Kukaa nalo upande wa pili mwezi baada ya mwezi kwa namba za kigeni ni kukaa na bidhaa isiyolipiwa kodi. Forodha ikilikamata, kinachofuata ni faini, kutaifishwa gari, au vyote viwili pamoja na mashtaka. Mzigo uliomo ndani unaweza kuzuiliwa nalo, na hapo mfanyabiashara hupoteza gari na biashara siku moja.

Hatari kubwa zaidi ni gari la transiti. Bandari za Dar es Salaam na Mombasa hupitisha magari mengi yaendayo Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na Kongo. Magari hayo husafiri chini ya dhamana, bila kulipiwa kodi za nchi yanamopita. Mara kwa mara dalali hujitokeza njiani na hadithi: mwenye gari ameishiwa, linauzwa haraka, karatasi zitafuata. Karatasi hazifuati. Gari hilo haliwezi kusajiliwa kihalali katika nchi linamopita bila kodi kulipwa, na kama lilishapita kwenye mfumo wa forodha kama mzigo wa Bujumbura au Goma, kuna mtu anayedaiwa kuonyesha kwamba lilifika. Bei ikishuka kuliko akili inavyokubali, swali la kwanza liwe kodi yake ililipwa wapi.

Usukani nao una gharama yake. Anayevuka Rusumo, Gatuna, Kobero au Kasindi anahama kutoka kuendesha kushoto kwenda kulia. Dereva wa usukani wa kulia akitaka kulipita lori katika barabara ya Rwanda haoni mbele bila kujitokeza. Kwa anayekwenda huko mara moja kwa mwezi, ni jambo la uangalifu. Kwa anayekwenda kila siku, linapaswa kuingia katika uamuzi wa gari gani anunue na alisajili wapi.

Kipi kwa kazi ipi

Hakuna kigari bora kwa kila mtu. Kuna kinachofaa mzigo, barabara na mifuko ya mwenye nacho.

Toyota Vitz imekuwa shule ya udereva ya ukanda huu. Kizazi cha pili kilitoka 2005 na cha tatu mwishoni mwa 2010, na tangu 2020 Japani inaliita Yaris. Injini ya sisi 1,000 yenye silinda tatu hunywa kidogo, lakini ikipakiwa watu watano na mzigo kwenye mlima wa Kabale au Lushoto huonyesha udogo wake. Kwa njia za milima, ya sisi 1,300 ni salama zaidi. Passo, inayotengenezwa na Daihatsu, iko katika kundi hilo hilo: rahisi kuegesha, buti dogo, nzuri kwa mjini.

Toyota IST imesimama juu kidogo, ina injini za sisi 1,300 na 1,500 katika kizazi cha kwanza, na spea zake zinapatikana hadi miji midogo. Injini hizo hutumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, hivyo hakuna gharama ya kubadilisha mkanda kila baada ya kilomita kadhaa. Udhaifu wake wa leo ni umri: IST nyingi za kizazi cha kwanza zimekwisha kupita miaka 15, na kinachonunuliwa ni jinsi ilivyotunzwa kuliko jina lake.

Honda Fit ndiyo inayofaa zaidi anayebeba vitu virefu. Tangi la mafuta liko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo sakafu ya nyuma iko chini, na makalio ya kiti cha nyuma hunyanyuka kama kiti cha sinema. Televisheni au cherehani husimama wima nyuma ya dereva bila kulaza kiti kizima. Nissan Note nayo ina nafasi kubwa ya miguu kwa abiria wa nyuma, jambo ambalo familia yenye watoto waliokua italithamini. Mazda Demio hutulia vizuri barabarani na hunywa kiasi, lakini iko chini. Kwa njia ya mawe na matuta yasiyo rasmi, bampa na sampo huumia.

Mengi ya magari haya ya baadaye hutumia gia za otomatiki za aina ya CVT, zisizo na hatua. Ni laini na hubana mafuta, lakini hazisamehe oili isiyo yake. Kila kampuni ina oili yake maalumu, na fundi anayemimina ile ya otomatiki ya kawaida anaandaa bili ya gia boksi nzima. Kabla ya kununua, mtu aulize mtaani kwake: kuna fundi anayezijua, na oili yenyewe inauzwa wapi?

Haibridi kama Toyota Aqua, iliyoingia sokoni mwishoni mwa 2011, huokoa mafuta mengi kwenye foleni. Betri yake kubwa iko chini ya kiti cha nyuma na hupozwa kwa hewa inayoingia kwenye tundu lililo kando ya kiti hicho. Mfanyabiashara anayejaza magunia hadi kuziba tundu hilo anaichemsha betri. Aliyeazimia haibridi ailipie betri ipimwe kwa mashine kabla ya kukubaliana bei.

Na kuna ambao baada ya hesabu yote hugundua kwamba hawahitaji kigari cha familia bali Probox. Si la kifahari, lakini toleo lake la mizigo lilisajiliwa Japani kubeba kilo 400 likiwa na watu wawili. Kama mzigo ni wa kila siku na familia ni ya Jumapili, hilo ndilo jibu.

Kilo 275

Namba hiyo inastahili kuandikwa kwenye dashibodi. Katika usajili wa Japani, uzito wa gari dogo la abiria huhesabiwa kwa kilo 55 kwa kila kiti. Viti vitano ni kilo 275, dereva akiwemo. Magunia matatu ya mahindi ya kilo 90 ni kilo 270. Yaani magunia matatu yakishaingia, hesabu imekwisha na dereva bado amesimama nje.

Wengi hupakia zaidi na gari hutembea. Lakini malipo huja baadaye: springi zinalala, shokomzoba zinavuja, matairi yanakula upande, breki zinachelewa kwenye mteremko. Mtu anayejua atabeba kilo 400 kila wiki asinunue gari la kilo 275 halafu amlaumu fundi. Na anayenunua gari lililokuwa la mfanyabiashara mwenzake alichungulie kwa nyuma: likiwa limeinama likiwa tupu, linasimulia maisha yake.

Kulisoma gari

Kila gari la Japani lina kibao cha chuma, kwa kawaida ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, kinachotaja aina yake kwa herufi na namba. Kibao hicho ni cha kusomwa kabla ya kumsikiliza dalali. IST yenye NCP60 ni ya sisi 1,300, na NCP61 ni ya 1,500. Vitz ya KSP90 ni ya sisi 1,000, SCP90 ni ya 1,300. Fit ya GE6 ni ya 1,300, GE8 ni ya 1,500. Anayeambiwa ni sisi 1,000 halafu akasoma SCP90 amekwisha kupata sababu ya kuuliza maswali zaidi. Namba ya chasisi ilingane na ya kwenye hati, herufi kwa herufi, na isiwe na dalili za kupigwa tindo au kuchomelewa.

Magari yaliyopitia minada ya Japani huwa na karatasi ya mnada yenye alama. Alama ya 4 au 4.5 ni gari zuri, 3.5 lina makovu ya kawaida, na herufi R au RA humaanisha liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Karatasi hiyo pia huandika kilomita. Mita ya dashibodi ikionyesha kilomita 68,000 na karatasi ikasema 140,000, mjadala umekwisha. Pasipo karatasi, mnunuzi atazame vitu visivyorudishwa nyuma: pedali zilizolika, usukani unaong'aa, kiti cha dereva kilichozama.

Ukaguzi ufanyike asubuhi, injini ikiwa baridi, na kwa fundi aliyechaguliwa na mnunuzi. Muuzaji akiwa amekwisha kuliwasha kabla mgeni hajafika, huenda anaficha ugumu wa kuwaka. Ufunguo ukizungushwa kabla ya kuwasha, taa za injini, breki na mifuko ya hewa zinapaswa kuwaka kisha kuzima. Taa isiyowaka kabisa huenda imeng'olewa ili isiseme ukweli. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usioisha baada ya injini kupata joto ni dalili ya maji kuingia ndani.

Barabarani, usukani ukatwe hadi mwisho kushoto na kulia kwa mwendo wa polepole: mlio wa ta-ta-ta ni sivi jointi. Lipitishwe kwenye tuta bila kukwepa, lipandishwe mlima, lishushwe na breki. CVT inayotetemeka wakati wa kuondoka au inayovuma kama jiko la mafuta ya taa iachwe na mwenyewe.

Bodi hutazamwa kwenye mwanga wa jua, si chini ya taa za yadi. Nafasi kati ya milango na boneti zilingane. Boliti za mabawa ya mbele zenye alama za spana zinasema zilifunguliwa. Zulia linuswe, na reli za viti zitazamwe kutu: gari lililozama kwenye mafuriko hukauka, lakini waya zake haziponi. Chini ya gari, kutu nene huweza kuwa ya chumvi inayomwagwa barabarani katika mikoa ya theluji huko Japani.

Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zikiwa 2219, tairi lilitengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2019. Matairi yenye kashata nzuri lakini ya miaka minane si matairi ya kupelekea watoto shule. Na redio isiyoshika stesheni za nyumbani isimtishe mtu. Redio za Japani huanzia masafa ya 76 na huishia chini ya zetu nyingi. Kifaa cha kuziongeza masafa ni cha bei ndogo.

Karatasi kabla ya fedha

Gari si la aliyeshika ufunguo. Ni la anayetajwa kwenye hati: kadi ya gari Tanzania, logbook Kenya na Uganda. Jina lilingane na kitambulisho cha anayeuza. Kenya, kumbukumbu za gari hutafutwa na umiliki huhamishwa kupitia eCitizen. Tanzania, uhamisho hupitia mamlaka ya mapato kwa mkataba wa mauziano. Kote, lazima iulizwe kama gari lina mkopo. Mkopeshaji akiwa ameandikwa kwenye hati, au akiwa ameishika hati yenyewe, mnunuzi analipa mbele yake au halipi kabisa.

Fedha zipite benki au simu, kwa jina lile lililo kwenye hati, si kwa jina la dalali. Sehemu ya mwisho ilipwe baada ya uhamisho kukamilika. Kununua kwa makubaliano ya "utabadilisha baadaye" ni kununua pia faini za mwenye zamani na kesi zake.

Kwa anayevuka mpaka, bima ya ndani haitoshi. Kadi ya njano ya COMESA huongezwa juu ya bima ya nyumbani na hulinda madai ya watu wengine katika nchi zilizo kwenye mpango huo, Tanzania ikiwemo ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Haitengenezi gari la mwenyewe. Vilevile, anayechukua abiria wa kulipa au mizigo ya watu kwa bima ya matumizi binafsi ajue kwamba siku ya ajali kampuni ya bima itauliza gari lilikuwa likifanya kazi gani.

Siku ya kuamua

Mnunuzi aliyefika hapa atakuwa na magari mawili au matatu mkononi, yote yanafanana bei. Kinachobaki ni kuyapitisha kwenye maswali machache na kuandika majibu: spea zake zinauzwa katika mji ninakoishi au lazima niagize Nairobi, Kampala au Dar? Fundi wangu ameshawahi kulifungua? Litabeba mzigo wangu wa wiki bila kuzidi kilo zake? Nikitaka kuliuza baada ya miaka mitatu, nani atalinunua upande huu huu wa mpaka?

Na swali moja la mwisho, ambalo halihusu gari: baada ya kulipa kila kitu, dukani kutabaki bidhaa za wiki ngapi? Kama jibu ni chini ya mzunguko mmoja wa mzigo, gari lisubiri. Bodaboda na basi la saa kumi na mbili asubuhi vitaendelea kumfikisha sokoni, na mtaji ukikua msimu mmoja zaidi, yadi bado itakuwa na Vitz.